Nilivyotwanga Kokwa za Mwaloni za Papa Bahati

Tangu nirudi sijapata hata asubuhi moja ya kukaa barazani kwa amani. Mama Salome akipita kwenda mashineni anasimama: "Shangazi, eti ni kweli ulitwanga miti ya watu huko Sydney?" Akiondoka yeye anakuja fundi cherehani, naye kasikia kwamba nilikamatwa na mbwa. Wanakwaya ndio wameharibu kabisa, wanasema nilimlisha mkwe magome. Nimeona bora niandike mara moja, kila mtu asome au asomewe, mimi nipukuchue mahindi yangu. Shule niliishia darasa la nne, tena la nne lenyewe nusu, maana mwalimu alioa akahama. Mkikuta mahali maneno yameparamiana, rukeni mwendelee.

Kilichonipeleka

Kaka yangu marehemu aliacha mtoto mmoja wa kiume, Gideoni. Wengi wenu mnamkumbuka, yule aliyekuwa akiogopa bata. Sasa ni mtu mzima, yuko Sydney, anapakia na kupakua kwenye ghala moja kubwa. Huko akampata Neema, binti wa Kikongo. Wazazi wake walitoka Uvira, wakakaa kambini miaka mingi, ndipo wakapelekwa Australia. Mama yake alifariki, wamebaki yeye na baba yake, Papa Bahati. Huyo Bahati mwenyewe, aliyempa baba jina, ni kaka yake Neema, yuko Kanada, simtaji tena.

Gideoni alipokwenda kuposa, Papa Bahati akamwambia: "Kijana, mambo ya ndoa haisemwi na simu. Lete mukubwa wako akae kwa kiti yangu, tuangaliane." Wakubwa wa Gideoni waliobaki duniani ni mimi peke yangu. Nisipokwenda mimi, au nikienda nikarudi bila jibu, basi hana mtu mwingine wa kumtuma.

Desturi yetu mnaijua, lakini naiandika kwa ajili ya watoto wa mjini. Shangazi wa mvulana anapika kwa mkono wake. Baba wa msichana akila, amekubali, yanayobaki ni mazungumzo. Asipokula, mnakunja kanga zenu mnarudi. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu: kumfanya mzee mmoja wa Kikongo atie tonge mdomoni. Nilidhani ni kazi ndogo. Mimi nimelisha watu misibani tangu nina meno yote.

Handeni mpaka mawinguni

Nilibeba makopa ya muhogo wa shambani kwa kaka, ili bada ya posa, yaani ugali wake wa muhogo, itoke kwao Gideoni kwa haki. Makopa yale niliyafunga ndani ya kanga mbili na mfuko wa mbolea, mfuko nimeufua.

Basi liliharibika Chalinze. Dereva akaingia chini ya gari akabaki miguu tu inaonekana. Nikakaa na muuza mahindi ya kuchoma, tukaongea habari za mguu wake unaovimba. Nikamshauri majani ya mpera, sijui kama alitumia. Basi lilipopona tulikuwa tumeshakuwa kama ndugu, akanipa hindi la njiani.

Kwenye ndege nilikaa pembeni mwa Mhindi mmoja mnene aliyelala begani kwangu kabla hatujapaa. Sikumwamsha. Mtu akilala namna ile ujue kachoka. Chakula kikaja, kuku aliyekatwa vipande vidogo vidogo kama wa kumlisha mgonjwa. Baadaye kikaja tena, asubuhi juu ya asubuhi, jua limekataa kutulia. Msalani nilikwenda mara moja tu. Nilipobonyeza kile kidude maji yakanguruma kama simba, nikatoka mbio sijafunga vizuri kitenge, na yule dada wa ndege akanishika mkono kwa upole sana, Mungu ambariki. Tangu hapo nikaacha kunywa maji mpaka Sydney.

Mbwa wa Sydney

Hapa ndipo uongo wa mbwa ulipoanzia, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Mbwa hakunikamata. Alikuwa mbwa mdogo mwenye masikio marefu, amevaa koti. Akaja, akanusa mfuko wangu, akakaa chini mbele yangu kwa heshima. Nikasema moyoni, huku hata mbwa wanaamkia wazee. Nikamwitikia: "Marahaba." Kumbe akikaa hivyo anakusemea.

Dada mmoja wa ukaguzi akanipeleka mezani. Akauliza, sikuelewa, nikatabasamu. Akapiga simu, akanipa nisikilize, ndani kuna kijana anaongea Kiswahili.

"Mama, shikamoo. Wanauliza umebeba nini humo."

"Marahaba mwanangu. Makopa."

"Makopa ndiyo nini, mama?"

"Wewe umezaliwa wapi hujui makopa?"

"Nairobi, mama."

"Basi pole. Mwambie ni muhogo mkavu, wa bada."

"Na bada ndiyo nini?"

Yule dada alikuwa mvumilivu. Alifungua kanga moja, akafungua ya pili, na fukusi mmoja akatoka akatembea juu ya meza, taratibu, kana kwamba naye ana pasipoti. Akafuata wa pili. Basi. Makopa yote yakaingia kwenye pipa. Nililia kidogo, sitaficha. Yule kijana wa kwenye simu akaniambia pole mpaka na yeye sauti ikabadilika.

Quakers Hill

Gideoni anakaa Quakers Hill. Ni mtaa wa nyumba zilizofanana, ukitoka uweke alama. Kimya chake kinatisha. Watu wapo, magari yapo, lakini hakuna anayemwita mwenzake. Asubuhi ya kwanza nikasimama nje nikamsalimia kila aliyepita, mmoja akarudi kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Gideoni aliposikia habari ya makopa akashika kichwa.

"Shangazi, sasa tutafanyaje?"

"Maduka yapo?"

"Yapo. Granville unapata mpaka samaki wa Tanganyika."

"Basi desturi inasema mkono wa shangazi. Mkono wangu hawakuutia kwenye pipa."

Granville

Papa Bahati anakaa Granville. Ni mrefu, mwembamba, anavaa koti hata ndani ya nyumba. Alinipokea kwa mikono miwili. "Mama, karibu sana. Ile safari ni murefu, njo vile? Kaa, kaa." Akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, nikajua mambo mazuri.

Nikaingia jikoni na Neema. Binti mzuri, mcheshi, kazi yake kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo kila nikiinama ananishika kiuno. Nikapika wali wa nazi, samaki, mchicha. Nikaandaa mwenyewe, nikaweka mbele ya mzee.

"Aksanti sana, mama. Lakini miye nilishaka kula ku kazi."

Siku nyingine nikapika maharage. Nilishaka kula. Nikapika ndizi na nyama. Tumbo inaniuma kidogo. Nikapika chapati, mtu gani anakataa chapati? Eti daktari alimkataza mafuta. Nikaanza kujiuliza kama ninanuka. Kisha jioni moja nikaenda kumwaga taka, nikamkuta Papa Bahati gereji, amesimama gizani pembeni mwa gari, anakula mkate mkavu kama mwizi. Tuliangaliana. Akasema, "Mama." Nikasema, "Papa." Nikamwaga taka zangu nikarudi ndani.

Neema akaniungamia. "Shangazi, ni kosa langu. Nilimwambia Papa ile desturi yenu ili asiwakosee heshima. Sasa anakula mkate gereji."

"Hamtaki Gideoni?"

"Anampenda sana. Wanaangalia mpira pamoja."

"Sasa anachoogopa ni nini?"

Neema akainua mabega. Hata yeye hakujua.

Bustani ya mialoni

Kila nilipotaka kufungua mdomo kuhusu posa, Papa Bahati alisimama akachukua kofia. "Mama, twende nikuonyeshe miti." Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye mambo ya mialoni, kwa kukimbiwa.

Tulipanda treni mpaka Parramatta, tukatembea kwenye bustani ya kando ya mto. Na hapo nisiwadanganye, nilisimama nikatazama. Mimi nimeona miti, baba yangu alikuwa mkata mbao. Lakini ile ilikuwa imekaa kama wazee wa baraza, kila mmoja na tumbo lake, matawi yamelala mpaka chini kama mtu aliyeegemea kiwiko. Gome limepasuka pasuka, ukitia kidole kinaingia mpaka kifundo. Ilikuwa majira ya majani kupukutika, na chini kumejaa kokwa.

"Huu ndio mwaloni?" nikauliza.

"Njo ule ule wa ku Maandiko, mama."

Akaniambia kwamba kambini yeye ndiye aliyekuwa akiwasomea wenzake ibadani. Kila akifika penye mialoni watu wanamuuliza, mwaloni ni mti gani? Hajui. Anawajibu ni kama muparachichi, lakini mutakatifu zaidi. Miaka yote hiyo amewadanganya watu na parachichi. Walipofika Sydney, siku moja Neema akamsomea kibao kwenye shina: Papa, huu ndio mwaloni. Papa Bahati akavua kofia. Tangu siku hiyo kila Jumamosi anakuja kuisalimia. Haiabudu, anasema ni adabu tu.

Kokwa zenyewe hazifanani. Kuna mti unazaa nyembamba ndefu kama risasi. Mwingine fupi nene kama kichwa cha kidole gumba, na kikofia kidogo cha kubana. Lakini ule aliokuwa anaupenda kuliko yote, uko pembeni karibu na maji, mkubwa, tawi lake moja limevunjika na upepo, kokwa zake zimevaa kofia ya manyoya yaliyojikunja, kama nywele za mtoto aliyezaliwa jana. Nilicheka nilipoziona. Unatamani kuzifunga kanga.

"Hii muti haizai kila mwaka," akasema. "Na iko mugonjwa. Mwaka huu imezaa, nimeokota mapema mbele ya wale ndege nyeupe. Hakuna mutu anazo kama miye."

"Papa, mimi nimekuja kwa ajili ya Neema na Gideoni."

"Angalia, mama, ile kule iko na kofia mbili!"

Haikuwa na kofia mbili.

Kurudi kwa njia ya Rooty Hill

Siku hiyo nikajifanya mjuzi, nikasema nitarudi Quakers Hill peke yangu. Gideoni alishanifundisha: panda, kaa, teremka Blacktown, badilisha treni. Nikapanda, nikakaa. Nilikuwa nimekasirika, na mimi nikikasirika nasinzia. Nilipofumbua macho Blacktown imepita, nje pameandikwa jina silijui.

Nikateremka nikakaa kwenye benchi nikiwa nimekumbatia pochi. Akaja dada mmoja amevaa sare za hospitali, amechoka, akaniangalia viatu, akaniangalia kanga.

"Shosho, uko sawa? Unaenda wapi?"

Nilitaka kumbusu. "Quakers Hill, mwanangu. Hapa ni wapi?"

"Hapa ni Rooty Hill. Umepitishwa kabisa! Ngoja tu, treni ya kurudi Blacktown inakuja, nitakupeleka."

"Si unakwenda kwako kulala?"

"Eeh, lakini nikikuacha hapa mamangu atasikia mpaka Kitale."

Akanipa mandazi aliyofunga kwenye karatasi, tukala. Nikamsimulia habari yote, mzee anayekula mkate gereji. Alicheka mpaka watu wakageuka. Halafu akasema, "Shosho, huyo mzee hajakataa chakula. Amekataa kubaki pekee yake kwa hiyo nyumba." Nilimwambia haijui nyumba ile, ale mandazi yake. Nilikuwa bado na hasira.

Beseni

Sasa tumefika kwenye kesi yenyewe.

Papa Bahati akaenda Melbourne msibani pamoja na watu wa kanisa lake, siku kadhaa. Neema akaniomba nikalale naye Granville. Jioni ya kwanza aliporudi kazini, amechoka, akaniambia: "Shangazi, kule chumba cha kufulia kuna beseni la Papa. Ameniambia nimbadilishie maji kila asubuhi. Nasahau, tafadhali nisaidie."

Nikaenda kuangalia. Beseni kubwa, limejaa kokwa za mwaloni, zimezama kwenye maji yaliyogeuka rangi ya chai.

Sasa nawauliza nyinyi, wanawake wenzangu wa nchi ya muhogo. Kitu kigumu, kina wanga ndani. Ukikiuma ni kichungu kinakunja ulimi, niliuma. Kimelowekwa. Maji yanabadilishwa kila asubuhi. Mtu wa Uvira, anayejua muhogo mchungu kama mimi, amekiloweka. Ni nini hicho? Mama Salome, wewe ungesema nini? Ungesema mzee ameloweka chakula. Mimi pia nilisema hivyo. Nikasema, kumbe ndiyo maana anaipenda miti hii, ni shamba lake.

Basi nikabadilisha maji asubuhi. Yakatoka meusi. Nikabadilisha na mchana. Nikabadilisha kila nilipopita, mpaka yakatoka meupe. Nikaonja, uchungu umepungua, haujaisha. Nikajua zimeshaiva kwa kutwanga. Na mimi siwezi kukaa kwa watu nimekunja mikono huku kazi ya mwenye nyumba inaharibikia majini.

Kinu hakuna. Nikatia kokwa ndani ya foronya, nikachukua nyundo ya gereji, nikakaa kwenye saruji ya nyuma nikagonga. Jirani akachungulia juu ya ua. Nikampungia nyundo. Akashuka. Nikapeta maganda, nikatia kokwa kwenye blenda, nikaosha tena ule unga kwenye kitambaa mpaka mikono ikafa ganzi, nikauanika kwenye trei juu ya ile kamba ya nguo inayozunguka kama mwavuli. Nilikuwa nimefurahi, wenzangu. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nilikuwa nanuka kazi.

Papa Bahati akarudi na begi lake, bado amevaa nguo za msiba. Akapitia nyuma. Nikamlaki.

"Papa, pole na msiba. Zile kokwa zako nimekumalizia. Unga huo hapo, umekauka vizuri."

Aliangalia trei. Aliangalia rundo la maganda, na zile kofia za manyoya nilizozitupa pembeni. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Mama," akasema polepole. "Ile ilikuwa mbegu."

Nikaokota kofia moja ya manyoya.

"Nilikuwa napenda kupanda. Mbele muti ikufe. Moja kwa kila jamaa ya kanisa. Mama, ulisaga batoto bangu?"

Neema akatoka nje, akaona, akajishika mdomo. Mimi niliyekuja kuomba binti wa mtu nikawa nimesimama mbele yake na nyundo yake mkononi. Nikajua posa imekufa. Nikafikiria namna nitakavyomwambia Gideoni.

Chini ya mwaloni, mara ya pili

Asubuhi nilimwambia Papa Bahati, "Twende nikaokote nyingine." Akasema zimekwisha. Nikasema basi nitaokota mpaka nione zimekwisha. Tukaenda. Kwenye treni kila mmoja aliangalia dirisha lake. Watu wangetuona wangedhani mke na mume waliogombana.

Chini ya ule mti ndege walikuwa wameshafanya kikao. Kasuku weupe, wakubwa, wenye kilemba cha njano, wanamega kokwa na kutupa nusu kama watoto wa tajiri. Nikawatupia kanga. Wakanitazama. Mmoja akasogea akatupa kipande karibu na mguu wangu, makusudi kabisa.

Tukapiga magoti, tukapekua majani. Goti langu mnalijua, lile la kushoto. Tulipata chache, nyingine zina tundu la mdudu.

Upande wa pili wa shina alikuwa mwanamke mzee, Mkorea, kama nilivyokuja kuambiwa, kofia pana, glovu, mfuko mkubwa umejaa. Alikuwa mbele yetu. Nikamsogelea nikamwonyesha kokwa. Akaitikia kwa kichwa, akafungua mfuko, akaanza kunieleza kwa mikono: akaloweka, akamwaga maji, akaloweka tena, akasaga, akakoroga, halafu akatia vidole mdomoni akafumba macho kwa utamu.

Nikageuka. "Papa Bahati! Umeona?"

Alikuwa ameona. Alisimama pale na magoti yake yenye matope.

"Wanakula?" akasema.

"Wanakula!"

"Ile yote miaka, miye naangalia tu." Alisema kama mtu aliyegundua kwamba jirani yake ana binti.

Nikamwomba yule bibi kwa ishara. Nikamwonyesha kofia ya manyoya, nikamwonyesha kuchimba shimo, nikapandisha mkono juu kuwa mti. Akacheka. Akakaa chini na sisi, akamwaga mfuko wake, tukachambua pamoja. Zote zenye manyoya na zisizo na tundu akatuachia. Zilijaa kofia ya Papa Bahati. Nikampa kanga yangu, ile ya bluu. Alikataa, nikamfunga kiunoni kwa nguvu, akaondoka nayo.

Tulipobaki wawili nikasema, "Papa, sasa niambie. Unaogopa chakula changu au unaogopa nini?"

Alikoroga kokwa ndani ya kofia kwa kidole.

"Nikirudi kazini," akasema, "Neema anasema, Papa, ulichelewa juu ya nini? Kila siku. Siku akienda Quakers Hill, nani ataniuliza?"

Kumbe yule dada wa Rooty Hill aliona kuliko mimi, na mimi nikamnyamazisha kwa mandazi yake mwenyewe.

"Gideoni atahamia Granville," nikasema.

"Alisema?"

"Mimi nimesema."

Gideoni sikumuuliza. Shangazi haulizi.

Papa Bahati alivaa kofia bila kukumbuka, kokwa zikamwagika, tukaokota upya.

Sahani

Jioni Gideoni akaja moja kwa moja kutoka kazini, Neema amemweleza kwa simu, uso wake kama wa mtu anayekwenda kuzika. Nikamkuta Papa Bahati na ule unga. Amechukua kidogo kwenye kiganja, ananusa.

"Mama. Hii unaweza kupika?"

"Nikipika mimi, Papa, unajua maana yake."

"Niliuliza kama unaweza kupika."

Nikapika. Bada ile ilitoka rangi ya udongo wa mfinyanzi, na harufu ya mbao iliyonyeshewa. Haikushikana vizuri, inateleza kwenye mwiko. Katika maisha yangu sijawahi kuona aibu ya sahani kama ile. Nikaiweka mezani mbele yake, nikatamani yule mbwa wa uwanja wa ndege aje aichukue.

Papa Bahati akavua kofia. Akanawa. Akaomba, sala ndefu, nadhani alikuwa anatafuta muda. Akamega tonge, akaliviringa, akalitazama, akatia mdomoni.

Tukamwangalia taya.

"Iko chungu," akasema.

"Ni chungu," nikakubali.

"Iko chungu kama dawa ya malaria."

"Papa, tema basi," Neema akasema.

"Niteme muti yangu?"

Gideoni, ambaye bora angenyamaza tu, akafungua mdomo: "Baba, lakini... shangazi ndiye aliyepika."

"Najua nani alipika. Miye ni muzee, siko kipofu." Akameza. Tuliona tonge likishuka shingoni, likakwama, likashuka tena. Akamtazama Neema kwa muda mrefu, halafu akasukuma sahani mpaka mbele ya Gideoni.

"Kula na wewe. Unafikiri nitateseka peke yangu, na wewe utachukua mutoto wangu na tumbo ya wali?"

Gideoni akamega. Akatafuna. Machozi yakamtoka, ya nini sikumuuliza, akamega tena bila kuambiwa. Papa Bahati akakaa akimtazama mpaka tonge la tatu, halafu akageuka kwa Neema.

"Unasimama juu ya nini? Lete sombe. Mukwe wangu hawezi kula bugali bila mboga."